Kupima barafu ya Greenland na Antaktika kwa mvutano wa Dunia: mwongozo wa hatua kwa hatua

Ukitaka kumpima mtoto asiyetulia kwenye mizani, unambeba, mnapimwa pamoja, kisha unatoa uzito wako. Kupima barafu kwa setilaiti za mvutano ni kazi ya namna hiyo hiyo, ila hapa mtoto amebebwa na watu watano, na wawili kati yao hujui uzito wao sawasawa. Setilaiti haioni barafu. Inahisi tungamo: mwamba, maji, hewa na theluji, vyote kwa pamoja. Ugumu wa kazi hii umo katika kutoa kisichokuwa barafu, na ndiko nitakakokaa zaidi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kutumia Python kidogo (au R, au programu nyingine inayosoma faili za NetCDF) na anayekumbuka hesabu za sekondari. Mwisho wa kazi utakuwa na mchoro wa mstari unaoonyesha tani ngapi za barafu zimepungua tangu 2002, na makisio ya mwaka yanayolingana na yale yanayochapishwa na watafiti.

Kwanza, fahamu kinachopimwa

Setilaiti mbili za GRACE zilirushwa tarehe 17 Machi 2002 kutoka Plesetsk, Urusi, kwa ushirikiano wa NASA na shirika la anga la Ujerumani, DLR. Zilifuatana katika mzingo mmoja unaopita karibu na ncha zote mbili, umbali wa kama kilomita 220 kati yao, zikiwa juu kwa takriban kilomita 500. Ya mbele ikikaribia eneo lenye tungamo kubwa inavutwa, inaongeza mwendo, na pengo kati yao linapanuka. Kisha ya nyuma nayo inavutwa, na pengo linafumbana. Mawimbi ya maikro kati yao yalipima mabadiliko ya pengo hilo kwa usahihi wa maikromita chache, yaani sehemu ndogo ya unene wa unywele.

GRACE iliishiwa nguvu 2017. Warithi wake, GRACE-FO, walirushwa tarehe 22 Mei 2018, safari hii NASA ikishirikiana na kituo cha GFZ cha Potsdam. Hao wana pia kipimo cha leza kilichowekwa kwa majaribio, chenye usahihi mkubwa zaidi, ingawa takwimu za kila mwezi tunazotumia bado zinategemea mawimbi ya maikro.

Kila mwezi mmoja wa mizunguko hutoa ramani moja ya mvutano wa Dunia. Ukitoa ramani ya wastani kutoka kwenye ramani ya mwezi, milima na mabonde yasiyobadilika yanajifuta yenyewe, kinabaki kilichohama. Kwa hiyo usije ukasema kwamba GRACE imepima barafu yote ya Greenland. Imepima tofauti tu.

Jambo moja linalowakwaza wengi tangu mwanzo: barafu inayoelea haionekani. Rafu za barafu za Antaktika zilizojitandaza juu ya bahari zinaweza kupungua unene kwa mita nyingi na setilaiti isihisi kitu, kwa sababu maji ya bahari yanajaza nafasi iliyoachwa kwa uzito ule ule. Unachopima ni barafu iliyokaa juu ya mwamba.

Chagua bidhaa: maskoni au hamoniki

Vituo vitatu hutoa takwimu rasmi za mvutano: CSR cha Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, JPL cha NASA, na GFZ. Takwimu ni za bure, ingawa baadhi ya hifadhi, kama PO.DAAC ya NASA, zinakutaka ufungue akaunti kabla ya kupakua.

Kuna njia mbili. Ya hamoniki za tufe inakupa orodha ya vizidisho vinavyoeleza umbo la mvutano, daraja kwa daraja, kwa kawaida hadi daraja la 60 au la 96. Masahihisho mengi unayafanya wewe. Ya maskoni inakupa Dunia iliyokwisha kukatwa vipande, kila kipande kikiwa na kiasi chake cha tungamo kwa kila mwezi. Masahihisho mengi yamekwisha kufanywa.

Ushauri wangu: anza na maskoni. Watu wanaojivunia kuanza na hamoniki mara nyingi hutumia miezi mitatu kugundua kosa la alama ya kutoa. Fanya maskoni, pata jibu, kisha urudi kwenye hamoniki ukiwa na jibu la kulinganishia.

Maskoni za JPL zina vipande 4,551, kila kimoja kikiwa na upana wa karibu nyuzi 3, lakini faili imeandikwa kwenye gridi ya nyuzi 0.5. Za CSR zimeandikwa kwenye gridi ya nyuzi 0.25. Usidanganywe na gridi. Visanduku 36 vya jirani vinavyobadilika kwa pamoja si vipimo 36; huenda ni kipimo kimoja kilichonakiliwa. Uwezo halisi wa setilaiti hizi kutenganisha jambo moja na jingine ni kama kilomita 300, hata ramani ikipendeza vipi.

Fungua faili na usome maelezo yake yote

Ndani ya faili ya JPL utakuta latitudo, longitudo, muda na unene wa maji kwa sentimita. Huo ni unene wa tabaka la maji ambalo lingeleta badiliko hilo la tungamo. Ukiona sentimita −80 juu ya kusini-mashariki mwa Greenland, maana yake tungamo lililopungua ni sawa na maji ya kina cha sentimita 80, si kwamba uso wa barafu umeshuka sentimita 80.

Muda umehesabiwa kwa siku tangu tarehe 1 Januari 2002. Geuza kuwa miaka yenye desimali. Usidhani kwamba kila mwezi una nafasi yake: GRACE ilitoa miezi 163 tu kati ya Aprili 2002 na Juni 2017. Tangu 2011 betri zilikuwa zimechoka, na vyombo vilizimwa kwa vipindi ili kuziokoa. Baada ya hapo kuna pengo la Julai 2017 hadi Mei 2018, wakati hapakuwa na setilaiti yoyote ya aina hii kazini. Ukipanga takwimu zako kwa namba ya mstari (mwezi wa 1, wa 2, wa 3…) badala ya tarehe halisi, mwelekeo wako utakuwa na kosa ambalo mchoro hautakuonyesha.

Katika faili ya JPL thamani zote ni tofauti na wastani wa 2004 hadi 2009. Bidhaa nyingine inaweza kuwa na kipindi kingine. Ukilinganisha mbili, zirudishe kwenye wastani wa kipindi kimoja kwanza.

Soma pia kilichokwisha kusahihishwa. Katika maskoni za JPL, CSR na zile za kituo cha Goddard cha NASA, kuinuka kwa mwamba (nitakueleza mbele) kumekwisha kuondolewa kwa kutumia kielelezo kiitwacho ICE-6G_D. Mimi niliwahi kukitoa mara ya pili, nikapata Antaktika inayopoteza barafu kwa kasi ya kutisha, na nikakaa siku mbili nikiamini nimegundua kitu.

Onyo jingine: JPL huambatanisha faili ya vigezo vya kukuza ishara. Vimetokana na kielelezo cha maji ya nchi kavu, udongo na mito. Kwenye barafu usivitumie.

Chora mipaka

Unahitaji ramani yenye 1 ndani ya eneo lako na 0 nje. Kwa Greenland inatosha kuchukua visanduku vyote vya nchi kavu vya kisiwa hicho. Kwa Antaktika, watafiti hugawa bara kwa mabonde ya mtiririko, na mgawanyo unaotumika sana ni wa mabonde 27 uliotengenezwa na Zwally na wenzake. Kuugawa ni jambo la lazima kwa maoni yangu. Jumla ya bara zima inaficha hadithi mbili zinazopingana: upande wa magharibi, hasa mito ya barafu ya Thwaites na Pine Island inayoingia Bahari ya Amundsen, unapoteza kwa wingi, huku sehemu za mashariki kama Dronning Maud zikiongezeka kwa theluji, hasa kwa maanguko makubwa ya 2009 na 2011.

Greenland ina usumbufu wake. Kaskazini-magharibi, mlango wa bahari unaoitenga na kisiwa cha Ellesmere cha Kanada una upana wa makumi machache tu ya kilomita, na Ellesmere nako kuna barafu inayoyeyuka. Kwa kipimo chenye upana wa kilomita 300, kuamua gramu ipi ni ya nani ni ubishi. Kumbuka pia kwamba setilaiti inahesabu barafu ndogo ndogo za pembezoni mwa Greenland pamoja na tabaka kuu. Mbinu nyingine huziacha nje. Ukikuta tofauti ya matokeo, angalia hapo kabla ya kulaumu hesabu.

Geuza unene kuwa tani

Hatua hii ni fupi, na ndiyo inayoharibiwa mara nyingi kuliko zote. Visanduku vya gridi havilingani ukubwa. Eneo la kisanduku ni:

eneo = R² × Δλ × (sin φ₂ − sin φ₁)

R ikiwa kilomita 6,371, Δλ upana wa longitudo kwa radiani, na φ₁ na φ₂ latitudo za kingo za chini na za juu. Kisanduku cha nyuzi 0.5 kwenye latitudo 60 kina kilomita za mraba kama 1,545. Kwenye latitudo 70 ni 1,057. Kwenye latitudo 80 ni 537 tu. Greenland inaanzia karibu latitudo 60 hadi kupita 83. Ukichukua wastani wa kawaida bila kuupima kwa eneo, kisanduku cha kaskazini ya mbali kitakuwa na sauti sawa na cha kusini kilicho kikubwa karibu mara tatu.

Kisha zidisha unene kwa eneo na ujumlishe. Kilomita moja ya ujazo wa maji ni tani bilioni moja, yaani gigatani moja. Sentimita 1 juu ya kisanduku cha kilomita za mraba 1,057 ni gigatani 0.0106. Fanya hesabu hiyo moja kwa mkono na uilinganishe na programu yako kabla ya kuendelea. Kosa la sentimita na mita linaonekana haraka. Kosa la nyuzi na radiani linaweza kujificha.

Rudia kwa kila mwezi, upate mfululizo wa namba. Kwa Greenland utaona mstari unaoshuka kwa ngazi: unapanda kidogo majira ya baridi theluji inapoanguka, unashuka kwa kasi kiangazi, na kufika chini karibu na Septemba. Kiangazi cha 2012 kitaonekana kama shimo, na 2019 vilevile. Kama huoni ngazi hizo, kuna kitu umekosea.

Pata mwelekeo

Usiunganishe nukta ya kwanza na ya mwisho kwa rula. Tumia mbinu ya kupunguza jumla ya miraba ya masalio (tofauti kati ya mstari wako na vipimo), ukiweka ndani yake: thamani ya kuanzia, kasi ya mwaka, badiliko la kasi, wimbi la mwaka mmoja, wimbi la nusu mwaka, na wimbi la siku 161. Hilo la mwisho ni kivuli cha mawimbi ya bahari ya kupwa na kujaa yanayosababishwa na jua, ambayo vielelezo haviyaondoi kikamilifu na mzingo wa setilaiti unayageuza kuwa mzunguko wa siku 161.

Miezi iliyokosekana iache ikose. Hesabu hii haihitaji nukta zilizopangwa kwa nafasi sawa, na kujaza pengo la 2017–2018 kwa namba za kubuni ni kujiongezea uhakika usio nao.

Ukifika hapa na takwimu za takriban miongo miwili, Greenland inapaswa kukupa upungufu wa karibu gigatani 270 kwa mwaka, na Antaktika takriban 130 hadi 150. Gawa kwa 362 upate milimita za kina cha bahari, kwa kuwa bahari zote zina eneo la kilomita za mraba kama milioni 362. Greenland peke yake: milimita 0.75 kila mwaka. Ukipata 2.7 au 27,000, rudi kwenye sentimita. Ukipata 200 au 350, tatizo lako liko kwenye mipaka au kwenye kipindi ulichochagua.

Na kipindi kina maana sana. Ukiishia 2012 utapata Greenland inayozidi kuharakisha. Ukianzia 2013 utaanzia kwenye utulivu. Taja daima mwezi wa mwanzo na wa mwisho. Namba ya kasi isiyo na tarehe haifai kunukuliwa.

Mwamba unaoinuka

Hapa ndipo penye shaka kubwa ya kazi nzima, na miongozo mingi hupita haraka.

Maelfu ya miaka iliyopita barafu ilikuwa nene zaidi na mwamba wa chini ulididimia. Barafu ilipopungua, mantili, tabaka nene la mwamba lililo chini ya gamba la Dunia, ilianza kurudi taratibu, na bado inarudi. Kwa setilaiti, mwamba unaorudi ni tungamo linaloongezeka, na unafanana kabisa na theluji mpya.

Angalia ukubwa wa tatizo. Chukua bara la Antaktika kama kilomita za mraba milioni 12 na mantili yenye msongamano wa 3.3 ukilinganisha na maji. Kielelezo chako kikikosea kwa milimita 1 tu ya kuinuka kwa mwaka, wastani wa bara zima, kosa ni milimita 3.3 za maji juu ya eneo hilo: karibu gigatani 40 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya robo ya jibu lenyewe. Mwenye kupima urefu wa uso wa barafu kwa setilaiti ya altimita akifanya kosa hilo hilo anapotea kwa gigatani 11 tu, kwa sababu yeye anadhani milimita ile ni ya barafu, ambayo ni nyepesi. (Yeye naye ana mzigo wake: lazima akisie msongamano wa theluji, ambao sisi hatuuhitaji.)

Kwa Greenland sahihisho hili ni dogo na halibadilishi hadithi. Kwa Antaktika, usitoe namba moja. Rudisha sahihisho la ICE-6G_D lililotolewa, kisha toa kielelezo kingine, kwa mfano IJ05_R2 cha Ivins na wenzake au W12 cha Whitehouse na wenzake, na uone jibu linahama kiasi gani. Uhamaji huo ndio sehemu kubwa ya shaka yako. Sahihisho hili ni mstari ulionyooka kwa wakati, kwa hiyo linagusa kasi pekee. Badiliko la kasi na mawimbi ya msimu hayaguswi. Ndiyo maana ninaamini zaidi mtu anayeniambia Antaktika imeongeza kasi kuliko anayeniambia kasi yenyewe hadi gigatani ya mwisho.

Ukitaka kushuka hadi hamoniki

Kwanza badilisha vizidisho ambavyo setilaiti hizi huvipima vibaya. C20, unaoeleza ubapa wa Dunia, unachukuliwa kutoka setilaiti zinazopigwa leza kutoka ardhini. C30 vilevile kwa miezi ya mwisho ya GRACE na kwa GRACE-FO, kwa sababu mara hiyo kifaa cha kupima mchapuko kilifanya kazi vizuri kwenye setilaiti moja tu kati ya mbili. Vizidisho vya daraja la 1 havipo kabisa, maana setilaiti huzunguka kitovu cha tungamo la Dunia na haziwezi kukiona kikihama. Navyo vinaongezwa kutoka makadirio ya pembeni. Faili za marekebisho haya hutolewa na vituo pamoja na takwimu.

Kisha toa wastani, na kila kizidisho cha daraja l ukizidishe kwa (2l+1)/(1+k), k ikiwa namba ya Love ya mzigo, inayohesabu jinsi mwamba unavyobonyea chini ya uzito. Kwa daraja la 2, k ni −0.303 na kizidishio kinakuwa 7.2. Kwa daraja la 60 kinapita 120. Umeona hatari? Madaraja ya juu ndiyo yenye kelele nyingi, na fomula inayakuza kuliko yote. Matokeo yake ni michirizi ya kaskazini-kusini juu ya ramani nzima, kwa kuwa setilaiti hupima kando ya njia yao tu, na njia hiyo inaelekea kaskazini na kusini.

Dawa ni kuchuja. Kichujio cha Gauss cha nusu kipenyo cha kilomita 300 ni cha kawaida, pengine kikitanguliwa na kile cha Swenson na Wahr cha kuondoa michirizi. Lakini kila kuchuja kunatandaza ishara. Barafu ya Greenland inapungua zaidi kwenye ukanda mwembamba wa pwani, na ukichuja, sehemu ya upungufu huo inamwagikia baharini, nje ya mipaka yako. Ukijumlisha ndani ya pwani tu utapata pungufu.

Kuziba uvujaji huo, tengeneza ramani ya kubuni yenye tungamo ndani ya pwani pekee, ipitishe kwenye hatua zile zile (daraja la 60, kichujio kile kile), ilinganishe na ulichokiona, rekebisha, na urudie hadi zifanane. Ramani ya kubuni iliyofanana ndiyo jibu lako. Wengine hupanua mipaka kwa kilomita 200 au 300 kuingia baharini. Ni rahisi zaidi, ila kwa Greenland unajikuta umeikumbatia Ellesmere.

Andika kiwango cha shaka

Kusanya vipande vyake: masalio ya mstari uliochora, tofauti ya vielelezo vya mwamba, tofauti kati ya vituo vya CSR, JPL na Goddard, na uvujaji. Kama havitegemeani, chukua mzizi wa jumla ya miraba yake. Masalio ya miezi ya jirani yanafanana, kwa hiyo shaka inayotolewa na programu ya kawaida ya takwimu ni ndogo mno, ikuze.

Mwisho pitisha jibu lako mbele ya kundi la IMBIE, ambalo hukusanya vipimo vya mvutano, vya altimita na vya mtiririko wa barafu kwa pamoja. Kwa Greenland, kundi hilo lilikisia upungufu wa gigatani 3,902 kati ya 1992 na 2018, shaka ikiwa 342. Kwa Antaktika kati ya 1992 na 2017 ni 2,720, na shaka ni 1,390. Ya pili ni karibu nusu ya jibu, na sehemu yake kubwa inatoka mashariki mwa bara, ambako ishara ya barafu ni ndogo na mwamba chini yake haujapimwa vya kutosha.